Ruta ya safari Beryl AX: nzuri kwa hoteli, haifai kumficha kontrakta

Makontrakta wanaofanya kazi kwa mbali huinunua ruta hii kwa sababu mbili. Wengine hawauamini mtandao wa hoteli, na wako sahihi. Wengine wana mkataba unaowataka wafanye kazi wakiwa katika nchi moja, nao wanataka kusafiri bila mteja kujua. Kwa kundi la kwanza, Beryl AX ya GL.iNet (modeli GL-MT3000) tunaipendekeza bila kusita. Kwa kundi la pili, hela hiyo ni afadhali ibaki mfukoni.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ni kidogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa koti. Kina Wi-Fi 6, tundu la WAN (la kuingizia mtandao) la gigabiti 2.5, tundu la LAN (la kuunganishia vifaa vyako) la gigabiti 1, na swichi ya pembeni unayoweza kuipangia kazi ya kuwasha na kuzima VPN, yaani njia ya siri inayopitisha mtandao wako kwenye ruta ya mahali pengine, kwa mfano nyumbani. Umeme kinapata kwa USB-C, volti 5 na ampea 3. Ukikichomeka kwenye chaja dhaifu ya simu kuukuu kitakuwa kinazima na kuwaka chenyewe, na watu wengi huilaumu programu wakati kosa ni la chaja. Ndani yake kuna OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta. Mtengenezaji anataja kasi ya hadi megabiti 300 kwa sekunde kwa WireGuard na 150 kwa OpenVPN, ambazo ni aina mbili za VPN, kwa hiyo chagua WireGuard.

Matumizi ya kawaida ni haya: nyumbani unaacha ruta nyingine ikiwa seva ya WireGuard, unafungua bandari ya UDP 51820 (mlango ambao WireGuard huutumia kwa kawaida) kwenye ruta ya mtoa huduma, kisha unapakia faili la mipangilio kwenye Beryl. Washa pia kizuizi kinachokata mtandao wote VPN inapoanguka. Kinachokwamisha watu wengi ni anwani ya IP, yaani namba inayokutambulisha kwenye mtandao. Ikiwa anwani ya WAN nyumbani iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ufungue bandari mara ngapi, hakuna kitakachopita. Omba anwani ya umma. Kurasa zikifunguka nusu, shusha MTU (ukubwa wa juu wa kipande kimoja cha data) kutoka 1420 hadi 1280. Ukurasa wa kuingilia wa hoteli usipotokea, zima VPN, ingia, kisha iwashe tena.

Sasa suala la kujificha. Ruta inabadilisha anwani ya IP tu. Laptopu ya kampuni ina redio yake ya Wi-Fi, na huduma ya mahali iliyomo kwenye mfumo wake husoma ruta za majirani na kukadiria ulipo bila kuuliza IP. Simu unayothibitishia kuingia nayo ina GPS, na Microsoft Entra, mfumo wa kampuni wa kusimamia uingiaji kwenye akaunti, unamruhusu msimamizi kudai viwianishi vya mahali ulipo kupitia programu ya simu ya Authenticator kabla ya kufungua mlango. Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa kilomita 10,000 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kwa uchache, hata njia ingekuwa imenyooka. Hakuna ruta inayopunguza ucheleweshaji huo, na mteja anaweza kuupima.

Lakini tuseme umefaulu kuficha yote. Umeuficha mtandao, ila kazi bado inafanyika pale ulipo, na sababu za kampuni kukataa ziko hapo hapo.

Kubwa kwa sasa ni usalama. Mei 2022 serikali ya Marekani ilitoa onyo kuhusu wafanyakazi wa teknolojia wa Korea Kaskazini wanaojipatia kazi za mbali kwa utambulisho wa watu wengine. Mbinu yao moja ni kuweka laptopu za kampuni kwenye nyumba ndani ya Marekani na kuziendesha kutoka nje. Mwaka 2025 mwanamke mmoja wa Arizona alihukumiwa miezi 102 jela kwa kuendesha nyumba ya namna hiyo. Kampuni zaidi ya 300 zilikuwa zimeingizwa kwenye mpango huo. Mtaalamu wa usalama akikuta trafiki ya kontrakta inatokea nyumbani kwake huku mwenyewe hayupo, anaona alama zile zile. Hana namna ya kujua kwamba wewe uko ufukweni tu. Atafunga akaunti kwanza, maswali baadaye, na tunaona yuko sahihi.

Ya pili ni data, na hapa ndipo makontrakta wanapoona wameonewa. Mwajiriwa wa kampuni hiyo hiyo anaruhusiwa kusafiri na laptopu, wao wanakatazwa. Chini ya GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data, tofauti hiyo ina msingi. Mwongozo wa 05/2021 wa Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data unasema mwajiriwa aliye safarini anapofungua data za mwajiri wake, huko si kuhamisha data kwenda nchi ya tatu (iliyo nje ya eneo la sheria hiyo), kwa sababu yeye ni sehemu ya kampuni. Kontrakta ni mtu wa nje kisheria. Akizifungua akiwa nchi ya tatu, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni uhamishaji unaohitaji karatasi zake. Mikataba mingi ya wateja wakubwa, kwa upande wake, hutaja nchi ambazo data zinaweza kufunguliwa, na huyo mteja wa juu ndiye anayembana aliyekuajiri.

Kodi nayo haisomi IP. Kampuni ya Marekani inapomlipa kontrakta mgeni aliyejaza fomu W-8BEN, ya kodi ya Marekani kwa wasio wakazi, swali ni kazi ilifanyiwa wapi. Ikifanyiwa nje ya Marekani, mapato ni ya nje. Ukienda Marekani wiki tatu na kuendelea kufanya kazi, sehemu hiyo ya malipo inakuwa mapato ya Marekani, na kwa kawaida mlipaji anatakiwa kukata asilimia 30. Asipokata, deni linaweza kumwangukia yeye. Na ile kauli ya “siku 183 ni ruhusa”, yaani kwamba ukikaa nchi ya kigeni chini ya siku hizo huna shida, iachwe. Katika mkataba wa mfano wa kodi kati ya nchi, ulioandaliwa na shirika la OECD, siku hizo ziko kwenye kifungu cha 15, kinachohusu waajiriwa, zikiwa sharti moja kati ya matatu ya kutotozwa kodi ya mapato ya ajira kule unakofanyia kazi. Hazikupi haki ya kufanya kazi kwa viza ya utalii. Kontrakta anayefunga mikataba kwa niaba ya kampuni akiwa ugenini anaweza hata kuifanya ionekane ina makao ya kudumu ya biashara huko.

Kinachofanya kazi ni barua pepe, itumwe mapema kabla ya kukata tiketi. Taja nchi, tarehe ya kuingia na kutoka, aina ya viza na kama inaruhusu kazi, kifaa utakachotumia, mifumo utakayofungua na ile ambayo unaweza kuiacha hadi urudi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachofungua milango mingi, kwani mara nyingi kizuizi ni mfumo mmoja wenye data za wateja. Jibu lije kwa maandishi. Ukikubaliwa, waambie utatumia Beryl na uwape anwani ya IP ya nyumbani itakayoonekana kwenye kumbukumbu zao, ili akaunti isifungwe Jumatatu asubuhi.