Kabari ya mbao au ya mpira kwa trela lililoegeshwa Bukavu?

Bukavu ni mji wa miteremko, na trela lililofunguliwa kutoka kwenye gari halina haya: likipata mwanya, linashuka. Kinachozuia gurudumu ni kabari, kipande chenye ncha nyembamba kinachosukumwa chini yake.

Kwa bei, mbao inashinda. Fundi seremala anakukatia kabari ya mkaratusi kutoka kwenye mabaki, na ikipasuka unakata nyingine. Lakini mvua ikinyesha juu ya lami, mbao inateleza pamoja na gurudumu. Hapo mpira wenye meno chini unashika vizuri zaidi. Kwenye udongo mwekundu wenye matope tofauti inapungua. Zote mbili zinahitaji kukandamizwa zikae imara, upande wa bondeni, magurudumu yote mawili, kabla ya kufungua trela.

Matunzo: mbao isilale majini, mpira usikae juani wala kwenye mafuta.

Anayeegesha uani, penye tambarare, mbao nzito inamtosha. Anayepanda Ngomo, mlima mkali wa barabara ya Bukavu–Uvira, na mzigo, akilala barabarani, anunue mpira. Jiwe nalikataa kabisa: madereva huliacha njiani, na mwenye pikipiki hulikuta usiku.