Gesi ya kutafutia maji yanayovuja chini ya sakafu: uzoefu wangu hapa Tabora

Nilipokuwa nahangaika na tatizo hili sikupata mtu wa kuniambia kama huduma ya gesi ni kweli au ni njia mpya ya kupiga watu. Nikaapa nikilimaliza nitaandika. Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, Ipuli: vyumba vinne, sakafu ya marumaru, bomba za plastiki za PPR zilizolazwa chini ya zege tangu tunajenga, na tanki la lita 3,000 juu ya mnara nyuma ya jiko.

Ilianza kwa bili. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, sisi tuliokulia kwenye mgao wa bwawa la Igombe na madumu ya kwenye baiskeli tumejisahau kabisa. Maji yapo, unafungua koki unaenda zako. Kwa hiyo matumizi yalipopanda kutoka uniti 14 hadi 31 kwa mwezi nililaumu watoto kwanza, halafu dada wa kazi, mwisho nikamgusa mama mkwe na mchicha wake anaoumwagilia asubuhi na jioni. Hilo la mchicha hajalisahau mpaka leo.

Uniti moja ni lita 1,000. Hizo 17 zilizozidi ukizigawa kwa siku 30 unapata kama lita 560 kwa siku, na kwa dakika hazifiki hata nusu lita. Ni mchirizi mwembamba tu, ila haulali. Usiku mmoja nikasoma dira ya maji saa nne tukiwa tumeshafunga kila kitu, nikaisoma tena saa kumi na moja alfajiri: lita 160 na kidogo zimepita na hakuna aliyeamka hata kwenda chooni. Usiku uliofuata nikafunga koki inayoingiza maji kwenye tanki. Dira ikasimama kimya hadi asubuhi. Hapo nikajua bomba la kutoka barabarani ni zima, na tatizo liko upande wa pili, kuanzia tanki kwenda ndani. Jaribio hilo halikunigharimu hata senti, na ningelifanya mwezi mmoja mapema nisingegombana na mtu.

Ukutani dalili zilikuwepo, tulikuwa hatutaki kuziona. Korido, upande wa bafu, rangi ilikuwa imevimba chini kama maandazi na inatoa chumvichumvi nyeupe. Fundi bomba wetu wa siku zote alikuja, akaugonga ukuta, akaniambia kwa uhakika wote, "Mama, ni hapa hapa." Akavunja marumaru mbili na zege lake. Chini palikuwa pamelowa kweli, lakini bomba lenyewe lilikuwa kavu na zima. Maji yakitoka kwenye bomba yanatambaa juu ya jamvi, yaani zege la chini, mpaka yapate upenyo, kwa hiyo yanapojitokeza si lazima pawe ndipo yanapotokea. Akataka kuendelea kufuata unyevu, marumaru moja baada ya nyingine. Nikamzuia, maana toleo lile la marumaru halipatikani tena dukani. Akivunja kumi nabadilisha korido nzima.

Wa pili alikuja na fimbo ya chuma ya kusikilizia, anaiweka sakafuni na sikio juu yake. Njia hiyo siidharau. Kwenye bomba la chuma lenye presha kubwa maji yanayopenya tundu hupiga mluzi, na chuma hubeba sauti mbali. Kwangu bomba ni plastiki, na plastiki humeza sauti. Tena maji yangu yanashuka kwa uzito wake tu kutoka mnarani. Mita 10 za maji ndiyo baa 1 ya presha, na mnara wangu haufiki hata mita 4. Yule kijana alisikia friji, akasikia bodaboda barabarani, akaomba nauli akaondoka.

Ndipo shemeji yangu wa Mwanza akaniambia kuna kampuni huko inatafuta uvujaji kwa gesi, na kwamba wiki ile walikuwa wanakuja Tabora kwenye nyumba ya wageni fulani. Tukagawana gharama za safari na mwenye nyumba ya wageni, kwangu ikawa laki tatu na nusu. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kuna jambo waliniudhi nitakalolisema mbele.

Walikuja wawili na pikapu: mtungi mmoja mrefu, kompresa ndogo ya kupuliza hewa, geji ya kupimia presha, mipira, na kifaa chenye mdomo kama kengele kilichounganishwa na kisanduku chenye kioo cha namba. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua karanga. Mkubwa wao akamwamkia, "Mwangaluka, bibi," na kwa salamu hiyo moja ya kinyumbani akapewa kiti na karanga za kuchemsha. Lakini alipoelezwa kazi yenyewe, bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Maji yamepotea, nyie mnakwenda kuyatafuta kwa upepo?"

Kijana akamjibu kwa adabu kwamba si upepo hasa. Ndani ya mtungi kuna naitrojeni asilimia 95 na haidrojeni asilimia 5. Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote duniani na chembe zake ni ndogo sana, kwa hiyo inapenya palipopenywa na maji, kisha inapanda yenyewe juu kupitia kokoto, zege na mistari ya grauti, ile saruji ya kati ya marumaru, mpaka ikutane na pua ya kile kisanduku. Hewa ya kawaida ina haidrojeni kidogo mno, kama nusu ya sehemu moja katika milioni, ndiyo maana ikiongezeka tu mashine inaistukia.

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa moto. Jiko langu ni la gesi na mama mkwe hakosi mkaa. Akanieleza kwamba haidrojeni tupu kweli ni hatari, inaweza kuwaka ikifika asilimia 4 ya hewa. Ila ikishachanganywa na naitrojeni kwa kiwango kile haiwaki hata ukiisogezea kiberiti, kwa kuwa kadiri inavyokutana na hewa ndivyo inavyozidi kuzimuliwa. Sumu haina. Alichosisitiza ni kwamba naitrojeni nyingi ikijaa kwenye kijichumba kilichofungwa humfukuzia mtu oksijeni, kwa hiyo milango ya bafu na stoo ibaki wazi, na mtungi wenyewe ukae nje.

Nilichokuwa sikujua ni kwamba gesi ndiyo sehemu fupi ya kazi. Walifika saa tatu na mtungi haukufunguliwa mpaka karibu saa saba. Kwanza walifunga koki ya kutoka kwenye tanki, wakafungua bomba zote kumwaga maji, halafu wakapuliza kwa kompresa kukausha yaliyobaki kwenye mikunjo. Maji yakibaki ndani ya bomba yanaiziba gesi njia, inakwama kabla haijafika kwenye tundu. Wakaziba ncha zote: hita, sinki, mabomba ya kuogea, hata kimpira cha kujazia tanki la choo. Kisha wakaigawa nyumba. Upande wa jiko wakautia hewa ya kompresa hadi baa 3, geji ikatulia dakika 20 bila kucheza. Upande wa mabafu ukashuka hadi baa 2 kabla ya dakika 10 kwisha.

Hapo nusu ya nyumba ilikuwa imeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa kwa kompresa na geji tu. Fundi bomba yeyote mwenye vifaa hivyo angeweza kunifanyia, na nilipomwambia wa kwetu baadaye aliitika kwa kichwa bila kusema neno.

Wakaingiza gesi upande wa mabafu. Pangaboi zikazimwa, madirisha ya upande wa upepo yakafungwa, maana upepo ukipita unaibeba gesi kabla haijanuswa. Tukakaa kama dakika 40, na kama unavyojua joto la Tabora mwezi wa kumi, kukaa ndani bila pangaboi ni kazi nyingine ya kulipiwa.

Halafu ikaja vituko. Kifaa kilipoanza kupitishwa koridoni kikatoa mlio kwenye mlango wa stoo, namba zikapanda hadi mia na kitu. Msaidizi tayari kashika chaki. Mimi nashangaa, stoo haina bomba hata moja. Yule mkubwa akasimama, akauliza, "Mama, humu kuna betri?" Zipo mbili za inveta, zile za kuongeza maji, na umeme ulikuwa umerudi asubuhi ile ile kwa hiyo zilikuwa zinachaji. Betri za namna hiyo zikichaji hutoa haidrojeni, na kisanduku hakijui kama haidrojeni imetoka kwenye bomba au kwenye betri. Inveta ikazimwa, stoo ikafunguliwa dirisha, tukasubiri nusu saa nyingine. Ninyi wenye inveta au betri za sola ndani, zimeni mapema kabla mafundi hawajafika, mtaokoa muda.

Mzunguko wa pili ukawa wa maana. Kwenye ukuta uliovimba, pale tulipovunja, namba zilikuwa ndogo. Zikaanza kupanda tulipokaribia mlango wa bafu la wageni, karibu hatua tatu kutoka kwenye unyevu wenyewe. Akatoboa vitundu vitatu vyembamba kwenye mistari ya grauti, si kwenye marumaru, ili gesi ipate pa kutokea badala ya kutangatanga chini. Akanusa kimoja baada ya kingine: 40, halafu 300 na kitu, halafu karibu 900. Akapiga msalaba wa chaki kwenye hicho cha tatu.

Sasa lile la kuniudhi. Simu yao ilisema "tunakuonyesha mahali hasa." Tukavunja marumaru ya msalaba na tundu halikuwa pale. Palikuwa na bomba zima, limelowa kwa pembeni. Ikabidi tuvunje ya jirani, na kama sentimita 35 mbele tukaikuta elbo, kile kiungo cha kona ya bomba, iliyochomelewa vibaya tangu siku ya kwanza, mashine ya kuyeyushia haikuwa imeipa joto la kutosha. Siku nyingi ilishika kwa bahati, sasa ikawa inatoa jasho na mchirizi. Maelezo ya fundi niliyaelewa: gesi, kama maji, hufuata uwazi unaozunguka bomba kabla ya kupanda. Lakini mtu angeniambia mapema kwamba jibu ni duara la nusu mita na si ncha ya sindano, nisingekasirika. Halafu kumbe kutengeneza si kazi yao. Waliandika karatasi, wakapiga picha, wakafungasha. Elbo ilibadilishwa na fundi wangu yule yule wa kwanza, kwa elfu 30 na kifaa juu yangu. Hilo pia halikusemwa kwenye simu.

Pamoja na hayo, kwangu ni nyota nne kati ya tano. Marumaru mbili za gesi ukijumlisha na mbili za kubahatisha ni nne. Kwa mwendo wa kubahatisha tungefika bafuni tumemaliza korido, tena tukitokea upande usio wenyewe.

Lakini si kila mtu aite gesi. Kama bomba lako ni la chuma na presha ya mtaani ni kubwa, anza na msikilizaji, ni nafuu. Kama maji yanatoka juu kwenye dari mvua ikinyesha, hiyo ni bati au mfereji, na gesi haihusiki. Jirani yangu aliomba waangalie bomba la maji machafu, wakamwambia ukweli kwamba njia ya maji taka iko wazi huku na huku, gesi haikai ndani yake ikapata presha, watafute kwa maji ya rangi. Na bomba la uani lililopita kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, gesi inapanda taratibu mno, ni afadhali kusubiri kiangazi kiukaushe. Heliamu nayo hutumika kwa kazi hii, ila nilipouliza bei wakacheka wenyewe.

Ukiwapigia, uliza mambo haya kabla hujakubali bei: watapima kwanza kwa geji kabla ya gesi? Wana kompresa ya kutoa maji? Wasipopata wanalipwa kiasi gani? Na nani anatengeneza? La tatu mimi sikuuliza, na nikiwaza zile saa za asubuhi geji ikicheza naona nilibahatika.

Mwezi uliofuata bili ilikuja uniti 13. Ukuta niliuacha wazi bila rangi wiki sita ukauke, maana ukipaka haraka unavimba tena. Marumaru nne za kuziba tulizibandua nyuma ya friji na chini ya kabati la jikoni, zikalingana rangi, na huko nyuma ya friji sasa ni saruji tupu asiyoiona mtu. Mama mkwe amejifunza kusoma dira. Kila jioni akimaliza kumwagilia mchicha wake anapita kuichungulia, anaandika namba kwa chaki ukutani, na kisha ananiita nije niione.