Plagi za Prado ya zamani: uzoefu wangu na Denso K16TR11 hapa Dodoma

Kwa mwenye Prado ya petroli ya silinda sita, zile VZJ95 zenye injini ya 5VZ-FE ya lita 3.4, jibu langu ni fupi: chukua Denso K16TR11, ile ya nikeli yenye ncha mbili pembeni, na hela itakayobaki ipeleke kwenye waya za plagi. Ukipendelea NGK, ya kufanana nayo ni BKR5EKB-11. Plagi za iridium, zile za bei kubwa zenye ncha ya madini magumu, achana nazo kwa injini hii. Naandika kwa kirefu kwa sababu nimewaona wenzangu wengi hapa mjini wakitoa pesa nzuri kununua kitu ambacho gari halikukiomba.

Gari langu nililipata mkononi mwa mtu, na plagi zake zilikuja nalo. Asubuhi za Juni na Julai, Dodoma ikiwa na ile baridi yake ya upepo, ukiliwasha linatetemeka kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) mpaka vioo vya pembeni vinacheza. Likishapata moto linatulia, ila lipeleke Kondoa na mzigo, uanze kupanda kuelekea Kolo na Bereko: kila ukikanyaga linamisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta. Fundi alizitoa plagi zote sita akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda, moja mpaka sita, na hapo hapo mambo yakajieleza. Zilikuwa za kampuni tofauti, nyingine zina ncha moja, nyingine mbili. Kwenye kauri nyeupe ya mojawapo kulikuwa na mstari mweusi mwembamba umeshuka kuanzia juu mpaka kwenye chuma. Akanionyesha kwa ukucha: "Dada, moto ulikuwa unapita hapa nje, kule ndani haufiki." Silinda hiyo ilikuwa inabebwa na wenzake.

Sasa, kwa nini ncha mbili? Injini hii ina koili (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) tatu tu kwa silinda sita. Kila koili imekaa juu ya plagi ya upande mmoja, halafu inatoa waya kwenda kwenye plagi ya upande wa pili. Silinda 1 inashirikiana na 4, 2 na 5, 3 na 6. Koili ikipiga, plagi zote mbili zinatoa cheche kwa wakati mmoja: moja iko kwenye kubana, inachoma mafuta, na mwenzake iko kwenye kutoa moshi, cheche yake haina kazi. Lakini umeme unazunguka njia moja, kwa hiyo kwenye plagi ya kwanza cheche inaruka kutoka ncha ya kati kwenda ya pembeni, na kwenye ya pili inaruka kinyume chake. Matokeo yake plagi za upande mmoja zinalika zaidi kwenye ncha ya kati, na za upande wa pili zinalika zaidi pembeni. Ncha mbili za pembeni zinagawana ulaji huo. Wapo wanaodhani ncha mbili maana yake cheche mbili. Hapana, cheche ni moja, inachagua ncha iliyo rahisi kwake kwa wakati huo.

Ukishaelewa hilo, suala la iridium linakuwa jepesi. Iridium ni madini magumu kweli, yanayeyuka kwenye nyuzi 2,446 hivi wakati nikeli ni 1,455, ndiyo maana ncha ya kati inaweza kutengenezwa nyembamba sana bila kuisha haraka. Ila plagi nyingi za iridium za bei ya kawaida zina madini hayo kwenye ncha ya kati tu, pembeni ni nikeli ile ile. Kwa koili za mtindo wa Prado hii, plagi tatu kati ya sita zitaendelea kulika pembeni kana kwamba hukununua iridium. Tena si kila iridium ni ya maisha marefu. Denso wenyewe wanaitofautisha Iridium Power, iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu, na Iridium Tough ambayo ndiyo ya kukaa muda mrefu. Dukani zote zinaitwa "iridium" na zote zinasifiwa kwamba utasahau kubadilisha. Kwenye gari jipya lenye koili yake kila plagi, na kiwandani walifunga iridium, funga iridium bila kusita. Hapa kwetu bei ya moja ilikuwa inanunua zaidi ya mbili za nikeli, na sikuona ninacholipia.

Ushauri mwingine niliopewa kaunta, na huu ndio ulionikera zaidi kwa sababu unasemwa kwa uhakika, ni kwamba joto la Dodoma linataka plagi "ya baridi", kwa hiyo niache namba 16, ile iliyo kwenye K16TR11, nichukue 20. Hiyo namba haihusiani na jua la nje. Inaeleza plagi inavyopitisha joto kutoka kwenye ncha kwenda kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini plagi inakofungwa. Ncha inatakiwa ifanye kazi juu ya nyuzi 450 hivi, iweze kuchoma masizi yake yenyewe, na isikaribie 900, maana hapo inaanza kuwasha mafuta kabla ya wakati. Ukifunga ya baridi kuliko inavyotakiwa, halafu safari zako ni za Area C kwenda Majengo na kurudi, ncha haifiki joto la kujisafisha, masizi yanajaa, gari linaanza kumisi upya. Namba 16 ya Denso ni sawa na 5 ya NGK, na kwa kampuni zote mbili namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Bosch wanahesabu kinyume, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni tofauti kwa macho. Na mwinuko wetu wa mita 1,100 na kitu hausababishi kubadilisha chochote.

Feki zipo, na ndipo nilipotumia muda mwingi. Muuzaji anayekuruhusu kufungua boksi kaunta ndiye wa kununua kwake. Nilizikagua moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. Maandishi kwenye kauri yawe makali, yasifutike kwa kidole chenye mate. Ncha mbili zikae sawasawa pande zote za ile ya kati, na pengo liwe milimita 1.1, pima kwa fila (vile vibati vyembamba vya kupimia pengo). Washa yake, ile pete ya chuma, ishikilie kwenye nyuzi za plagi (mikato ya kufungia kama ya skrubu). Kwenye duka moja niliigeuza plagi kichwa chini, washa ikateleza ikaanguka kaunta. Nikarudisha boksi, nikaaga. Mwisho niliagiza Dar, nikatumiwa kwa basi, na zote sita zilikuwa za toleo moja.

Kwenye kufunga, jambo la kwanza kwa mazingira yetu ni vumbi. Mashimo ya plagi ya injini hii ni marefu, na gari la Dodoma linalopita barabara za vumbi lazima liwe na mchanga mle. Puliza kwa upepo wa kompresa kabla hujalegeza plagi hata moja, la sivyo mchanga wote unashukia ndani ya silinda. Injini iwe imepoa kabisa, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinachunika kirahisi. Anza kuzungusha kwa mkono mpaka igote, halafu spana nusu mzunguko au zaidi kidogo, isizidi theluthi mbili. Grisi kwenye nyuzi haitakiwi. Inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Ukikuta oili kwenye shimo, sili za tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zimechoka. Zishughulikie kwanza, maana oili inaharibu mpira wa waya. Zile mbili za nyuma, 5 na 6, zinahitaji ekstensheni na uvumilivu.

Nilifunga na waya mpya siku hiyo hiyo. Sailensi imekaa vizuri tangu asubuhi ya kwanza, na mlima wa Bereko linapanda bila kumisi hata likiwa limejaa. Kwenye mafuta sikuona tofauti ya kujivunia. Nikeli haikai milele, kwa hiyo naona kuzitoa na kuzikagua kila kilomita 20,000 ni busara, kuzibadilisha kabla ya 40,000.

Wenye Prado ya silinda nne, RZJ95 yenye injini ya 3RZ, msichukue namba hii. Yenu ni K16R-U ya ncha moja, na pengo lake ni 0.8.