Mustang ya 1965 na 1966: uanze kununua kipi kuimarisha chasisi?

Magari haya ya Ford Mustang hayana fremu kamili. Reli (mihimili ya fremu chini ya gari) za mbele huishia chini ya miguu ya dereva na abiria, za nyuma huanzia mbele ya ekseli, na katikati kuna bati la sakafu na vizingiti vya milango tu. Piga jeki kona moja ya mbele, kisha funga mlango wa upande huo. Ukigoma au ukikwaruza, bodi inajikunja.

1. Mihimili ya kuchomelea inayounganisha reli za mbele na za nyuma. Hii ndiyo ya kwanza, hasa kwa gari lenye injini ya silinda nane (V8) na matairi mapana. Chagua bomba la mraba la inchi 2 kwa 2, unene wa milimita 2 hadi 3. Chunguza reli kwa bisibisi kwanza: ikizama kwenye kutu, badilisha bati, kwani kuchomelea juu ya kutu ni kupoteza pesa. Gari lisimame kwa matairi yake manne wakati wa kazi. Likining'inizwa kwa lifti ya nguzo mbili, bodi hulegea, nawe utaifunga ikiwa imepinda. Milango haitakaa sawa tena. Chomelea vipande vya sentimita 2 hadi 3, ukihama upande hadi upande, bati lisipinde kwa joto.

2. Kiunzi cha kipande kimoja kati ya minara ya shokapu (nguzo za bati zinazoshika shokapu za mbele) na ukuta unaotenga injini na abiria, pamoja na fito ya kuunganisha minara yenyewe. Shelby GT350 ya 1965, toleo la Mustang la mwendo kasi, ilikuwa navyo vyote viwili. Ni bolti tu, kazi ya saa chache. Matundu yasipolingana, minara imeinamia ndani: isukume kwa jeki ya mlalo, usipanue tundu. Ukiona nyufa kwenye minara, zichomelee kabla ya kufunga chochote.

3. Mihimili ya kufunga kwa bolti. Inafaa tu kwa mwenye gari asilia asiyetaka kulichomelea. Matundu hupanuka taratibu, na mihimili huanza kulia.

4. Keji ya mabomba ndani. Achana nayo kwa gari la barabarani. Kichwa bila helmeti kikigonga bomba hilo, hakuna msamaha.

Kabla ya cheche ya kwanza, toa betri na zulia, sogeza bomba la petroli, na mtu akae ndani na mtungi wa kuzimia moto.