Mtoto wa Malindi Atafuta Piza ya Bei Nafuu Mombasa: Sehemu Tatu Nilizozijaribu

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena jikoni kwa wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Malindi, na kwetu piza si chakula cha sherehe. Waitaliano walizoea Malindi tangu miaka ya 60, ilipojengwa ile kambi ya roketi ya San Marco kule Ngomeni. Setilaiti ya kwanza ilirushwa pale 1967. Wengine wakaja kutembea, wakajenga, wakafungua mikahawa, na vijana wetu wakaingia jikoni wakajifunza. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Akirudi usiku ananukia rihani na moshi wa kuni, na mimi nilikuwa silali mpaka afike, kwa sababu hakosi kipande kwenye karatasi.

Sasa nimehamia Mombasa kikazi, huu mwezi wa nne, nakaa Kisauni. Nikaanza kuitafuta ladha ile kwa mshahara wangu huu wa kuanzia.

Mara ya kwanza niliumia. Niliingia mahali pazuri kando ya bahari, menyu ikaniambia elfu moja na mia mbili, risiti ikaniambia mengine. Bei ya menyu haikuwa na VAT ya asilimia 16 ndani yake, wala ile tozo ya utalii ya asilimia 2, na juu yake kukawa na ya huduma. Tangu siku hiyo, kabla sijavuta kiti namuuliza mhudumu: hii bei ni ya mwisho? Ulizeni jamani, si aibu.

La pili, msianze na piza yenye vitu kumi juu. Agizeni margherita: unga, nyanya, jibini, rihani, basi. Au zile tambi wanazoziandika aglio e olio, yaani kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na pilipili kidogo. Ndizo za bei ya chini karibu kila mahali, na ndizo zinazomfichua mpishi. Sisi watu wa pwani tambi tumezizoea laini, za nazi na sukari, zinayeyuka mdomoni. Za Kiitaliano zinatakiwa zikatae jino kidogo. Zikija tepetepe, hapo hakuna mpishi wa Kiitaliano.

Haya, sehemu zenyewe. Ya Nyali hii mnayoiona, ndani ya jengo la maduka: safi, baridi, piza nzito ya jibini, shilingi mia tisa. Unashiba. Sitarudi kwa piza, unga ulikuwa mkavu kama biskuti. Ya Bamburi ina bustani nzuri kwa wenye watoto, na tambi zake za nyama ya kusaga ni nzuri kweli.

Lakini hii ya mjini, Ganjoni! Tazameni bango, halina hata taa. Meza sita, viti vya plastiki, tanuri la kuni ukutani. Napoli kwenyewe, kule Italia ilikozaliwa, piza hukaa motoni sekunde 60 hadi 90 tu, kwa moto unaozidi nyuzi 430. Hapa nilihesabu kwa simu, ikatoka kwenye dakika mbili. Tazameni ukingo ulivyovimba na hivi vidoa vyeusi. Nikibonyeza, unainuka tena. Shilingi mia saba, na bei ni ya mwisho. Rihani ni mbichi, imechumwa kwenye kopo pale mlangoni.

Nikaagiza na tambi za kamba, mia tisa na hamsini. Kamba wa asubuhi, watamu, hawakupikwa mpaka wakawa mpira. Nikaomba jibini la kunyunyiza. Mpishi akatoka mwenyewe, mzee wa makamo, akaniambia, "Mwanangu, kwenye kamba hatutii jibini, litaua bahari." Nikamwuliza, shikamoo mzee, umejifunzia wapi? Malindi! Nilitaka kumkumbatia.

Kwa Waislamu wenzangu: carbonara, zile tambi za mayai na jibini, ya asili ya Roma hutiwa shavu la nguruwe. Huyu anatumia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, na ukutani ameandika halali, lakini kokote mtakakokwenda ulizeni kabla.

Upungufu wake: choo ni kimoja, na wakijaa unasubiri hata nusu saa. Kulipa ni taslimu au M-Pesa.

Na jambo moja muhimu. Unga anaukanda jana yake, hamira kidogo, unalala usiku kucha. Ukiisha umeisha, haongezi mwingine wa haraka. Jumamosi iliyopita nilifika saa mbili na nusu usiku nikakuta tanuri limeshafunikwa, nikarudi Kisauni na tuktuk na njaa yangu. Nyinyi fikeni saa moja.