GPS traka za kuchomeka: miezi 7 kwenye magari yetu ya mizigo hapa Kigoma

Haya wadau wangu, habari za muda huu. Leo nipo hapa Mwanga, Kigoma mjini, hayo magari mnayoyaona nyuma yangu ni Probox, Noah na Canter, ndiyo tunabebea mizigo ya watu, tunatoka bandarini au Kibirizi tunapeleka Kasulu, Kibondo, Uvinza, saa nyingine mpaka Tabora. Na hiki nilichoshika ni GPS traka ya kuchomeka, kifaa cha kukuonesha kwenye simu gari lilipo, ngoja nisogeze kwenye kamera muione vizuri, ni kadude kadogo tu kanaingia kwenye kiganja, upande huu kana pini 16. Ninazo 3, nilinunua 75,000 kila moja, na leo nataka niseme yote maana muuzaji anakuonesha ramani tu, gari linatembea kwenye simu, unafurahi, unalipa, halafu yanayokuja baadaye unapambana nayo mwenyewe.

Tuanze na kufunga. Inama hapa chini ya usukani, pitisha mkono juu ya pedeli hivi, utakuta tundu pana juu jembamba chini, hili hapa. Hilo ndilo mafundi wanaita OBD, ndipo wanapochomeka mashine ya kupimia gari taa ya injini ikigoma kuzima. Marekani walilazimisha magari madogo mapya yawe nalo kuanzia modeli za 1996, nchi nyingine zikafuata, ndiyo maana hizi za Japani tunazoagiza zikiwa zimetumika nyingi unalikuta. Tundu hili lina umeme muda wote hata ukichomoa funguo, kwa hiyo hukati waya, huiti fundi umeme, unachomeka taa zinawaka basi.

Ila kabla hujachomeka kuna kazi ya laini, na hapa ndipo watu wengi wanakwama halafu wanasema kifaa kibovu. Laini isajiliwe kwa jina lako, kwa alama za vidole na NIDA kama laini nyingine yoyote. Iweke kwanza kwenye simu, toa ile pini ya kufungulia laini, weka bando, hakikisha intaneti inafungua, ndiyo uihamishie kwenye traka. Halafu unaitumia traka meseji ya kuiambia APN ya mtandao wako, yaani lile jina la kuingilia intaneti ya mtandao huo, usipofanya hivyo itakaa tu hapo inawaka taa na haitumi chochote. Bando lenyewe wala halina gharama ya kutisha, traka inatuma vitu vidogo sana, kwa mwezi ni MB chache tu, shida siyo ukubwa wa bando shida ni bando kuisha siku zake na wewe hujui. Mimi nilijifunza kuweka la mwezi na kengele kwenye simu siku moja kabla.

Na password, jamani, nyingi zinakuja na 123456. Badilisha siku hiyohiyo, maana mwenye namba ya laini na hiyo 123456 anaweza kulijua gari lako lilipo kama wewe unavyolijua.

Ukichomeka mara ya kwanza toa gari nje, usijaribu ndani ya gereji yenye bati. Satelaiti za GPS zipo kama kilomita 20,000 huko juu na traka inataka kuzipata angalau 4 kwa wakati mmoja ndiyo ijue ilipo, mimi ya Noah niliihangaikia nusu saa chini ya bati nikaanza kusema nimepigwa, kutoa nje dakika 3 tu ikashika.

Canter sasa. Canter yetu ni ya volti 24, ina betri mbili, kwa hiyo kabla hujachomeka kwenye lori geuza traka usome maandishi ya nyuma, ikiandikwa 9-36V uko salama, ikiandikwa 12V peke yake usithubutu, utaiunguza. Na msidanganywe na zile habari za "itakusomea mafuta", kwenye Probox yangu tundu lipo, umeme upo, ila gari ni la zamani kompyuta yake haiongei lugha ambayo traka inaelewa, kwa hiyo napata mahali lilipo na spidi, mafuta hakuna kitu. Noah inasoma baadhi ya vitu. Kwangu mahali na spidi vinatosha.

Betri nayo iangalieni. Tuseme traka inakula miliampia 50 bila kulala, kwa siku ni kama 1.2 Ah (ampia-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), sasa gari lenye betri ya 45 Ah ukiliegesha wiki mbili na nusu, karibu nusu ya betri imeondoka, na kama betri yenyewe imeshachoka ndiyo unasukuma. Gari linalotembea kila siku hutaona tofauti. Likienda gereji likakae, chomoa.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nirekodi hii video, na naomba mnisikilize hapa.

Mwezi wa kwanza nilifunga hizi traka usiku, madereva sikuwaambia. Siku moja dereva wa Canter ametoka Uvinza na chumvi anaelekea Tabora, mimi nipo nyumbani naangalia simu, gari limesimama. Saa nne asubuhi limesimama, saa tano limesimama palepale porini. Kichwani nikajua tu huyu ananyonya mafuta, au ameshusha chumvi anapakia mizigo yake. Nampigia hapatikani. Alipokuja kupatikana nilimtolea maneno ambayo mpaka leo yananiuma, mtu mzima, ana familia, amenisikiliza mpaka mwisho akasema tu "bosi, mimi naingia Kaliua sasa hivi." Na kweli. Ile barabara ina vipande mtandao hakuna kabisa, traka ikikosa mtandao ramani inabaki kwenye alama ya mwisho, kwa hiyo unaona limesimama kumbe linatembea. Jioni nikafungua historia ya safari, traka ilikuwa imehifadhi alama zote na ikazituma ilipopata mtandao, msururu mzima umenyooka, hajasimama hata mara moja zaidi ya mizani. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia wenzake pia.

Kwa hiyo unapoona gari limesimama angalia kwanza muda wa taarifa ya mwisho, upo hapo chini ya jina la gari kwa maandishi madogo, kama ni wa saa moja iliyopita hujui gari lilipo, nyamaza, subiri historia. Na kule Manyovu mpakani laini inaweza kurukia mtandao wa Burundi, zima rominga kabisa.

Na madereva waambieni. Kwanza ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mtu anatakiwa kujua taarifa zake zinachukuliwa na kwa kazi gani. Pili, kifaa kipo magotini kwake, akitaka kukichomoa anakichomoa kwa sekunde moja, simu itakuletea tahadhari ndiyo, lakini wewe upo Kigoma yeye yupo Sikonge utafanya nini. Mimi nimenunua waya wa kurefusha nikaificha nyuma ya dashibodi, siyo kwa ajili yake, ni kwa ajili ya deiwaka, madereva wa kushikizwa siku moja moja, na mafundi wanaochomoa wakasahau kurudisha.

Wenye mabasi, hii haiwatoi kwenye ule mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi, ule ni lazima na ni kitu kingine kabisa.

Je, ninunue tena? Ndiyo, kwa gari 1 mpaka 5 ningenunua tena leo. Apu sasa ipo kwenye simu ya yule dereva pia, nilimpa mwenyewe password. Juzi ni yeye aliyenipigia, "bosi, bando la traka limeisha, bado inasema nipo Kasulu na mimi nipo hapa Kibondo nashusha."