Kifyonza Vumbi Chepesi kwa Nyumba Ndogo Yenye Paka au Mbwa: Kipi Kinafaa Kununuliwa

Anayefuga paka au mbwa katika nyumba ya vyumba viwili au vitatu hasumbuliwi na ukubwa wa eneo la kusafisha, bali na manyoya yasiyokwisha. Sakafu husafishwa leo, na kesho asubuhi manyoya yapo tena pembezoni mwa ukuta, chini ya kochi na juu ya mito. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kuangalia katika kuchagua mashine ya kufyonza vumbi ni wepesi wa kuitoa, kuitumia na kuirudisha mahali pake, na suala la nguvu linafuata baadaye. Mashine yenye nguvu nyingi inayokaa stoo hadi mwisho wa wiki hushindwa na ile yenye nguvu ya wastani inayopitishwa kila siku, kwa kuwa manyoya yakiachwa siku nyingi hukanyagwa, hujisokota kwenye nyuzi za zulia na kuwa magumu kung'oka.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza wati, ilhali wati zinaeleza tu umeme unaotumiwa na mashine, si uchafu unaoondoka sakafuni. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa wati 1,600 kwa vifyonza vumbi vya majumbani mwaka 2014, kisha ukaushusha hadi wati 900 mwaka 2017, na mashine nzuri ziliendelea kupatikana kwa sababu ubora wa kazi unategemea pia njia ya hewa, muundo wa kichwa na uzibaji wa viungo. Paskali nazo zinaweza kupotosha: kipimo hicho huonyesha mvuto wakati mdomo wa mashine umezibwa na hewa haipiti, ilhali manyoya hubebwa na hewa inayokwenda kasi. Kipimo chenye manufaa zaidi ni kile cha wati za hewa, kinachounganisha mvuto na wingi wa hewa inayopita, na hata hicho kitazamwe kwa kulinganisha mashine za aina moja tu.

Kuna kisa kimoja cha kisheria ambacho mnunuzi anafaa kukijua. Mwaka 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni ya lebo za nishati za vifyonza vumbi, kwa hoja kwamba majaribio yalifanywa mashine zikiwa tupu, jambo lisilofanana na matumizi ya kawaida nyumbani. Kwa mwenye paka hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwani manyoya hujaza kikasha haraka na kulizonga chujio, na mashine iliyovuta vizuri dakika ya kwanza inaweza kuwa imelegea kufikia chumba cha pili.

Kuhusu uzito, uliza kama namba iliyotajwa inajumuisha betri, bomba na kichwa. Kwa jumla, mashine ya mpini (ile nyembamba na ndefu inayoshikwa kwa mkono mmoja) isiyo na waya yenye uzito usiozidi kilo 3 inatosha kuitwa nyepesi, ila mgawanyo wa uzito huo ni muhimu kuliko jumla yake. Mota ikiwa juu karibu na kiganja, bomba hupita kwa urahisi chini ya kitanda, lakini kifundo cha mkono huchoka unapoinua mashine kusafisha pazia au juu ya kabati. Mota ikiwa chini, mkono unapumzika unaposafisha sakafu, lakini mashine haipiti chini ya kochi fupi. Dukani, ishike kwa mkono mmoja, uinyooshe usawa wa bega na uhesabu hadi sitini. Hutahitaji tena kusoma namba za uzito.

Kichwa na rola yake

Ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kukagua, ningekagua rola ya brashi. Mvuto peke yake hautoi unyoya uliojipenyeza kwenye zulia au kitambaa cha kochi; lazima kuwe na kitu kinachozunguka, kinachokwangua na kuuinua ndipo hewa iubebe. Rola inayozungushwa na mota yake yenyewe ni bora kuliko ile inayozungushwa na hewa inayovutwa, kwa sababu hii ya pili hupunguza mwendo au husimama kabisa inapokandamizwa kwenye zulia nene. Kwenye vigae au mbao hali hubadilika: rola yenye nywele ngumu inayozunguka kwa kasi hurusha nyuma punje za mchanga wa choo cha paka, nawe ukageuka ukazikuta umezikanyaga. Nyumba yenye sakafu ngumu na zulia moja au mawili inahitaji rola yenye mapezi ya mpira, au mpira uliochanganywa na nywele laini, na kasi inayoweza kupunguzwa.

Ifungue rola iliyotumika miezi michache na uitazame mwisho wake, pale mhimili unapoingia kwenye kishikizo. Nyuzi zilizojizungusha katikati husogea kidogokidogo hadi kwenye ncha, zikajibana kati ya mhimili na kishikizo na kuwa ngumu kama kamba iliyosukwa. Msuguano huleta joto, plastiki hulainika, rola hukwama, na mwenye mashine hudhani mota imeungua. Dawa yake ni kuchomoa rola, kupitisha makali ya mkasi kwenye mfereji uliochongwa kando yake, kukata na kuvuta. Kwa hiyo nunua mashine ambayo rola yake hutoka kwa kubonyeza kitufe au kuzungusha kifuniko, bila bisibisi. Vichwa vyenye meno ya kuchana manyoya vinasaidia kweli, japo nitasema jambo ambalo wafugaji hawapendi kulisikia: nywele ndefu za binadamu huizonga rola kuliko manyoya mafupi ya paka.

Kifaa cha ziada chenye thamani kubwa kuliko vingine vyote ni brashi ndogo yenye mota, upana wa kiganja, kwa ajili ya makochi, ngazi na kitanda cha mbwa. Boksi lenye vikorokoro sita lisilo na hicho halimfai mfugaji.

Chujio, na kinachowasha pua

Wengi huamini kwamba manyoya ndiyo yanayosababisha mzio. Kwa paka, kichokozi kikuu ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye mate na tezi za ngozi. Paka anapojilamba huipaka kwenye manyoya, nayo ikikauka hubebwa na chembe ndogo mno zinazoweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Mashine inayomeza manyoya na kutema chembe hizo nyuma inamwongezea mgonjwa wa pumu taabu. Chujio la HEPA, yaani chujio la kunasa chembe ndogo sana, kwa kipimo cha Marekani hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na daraja la H13 linalotumika Ulaya hunasa asilimia 99.95 ya chembe za ukubwa ulio mgumu zaidi kunaswa. Maneno kama "mfano wa HEPA" hayana kipimo chochote nyuma yake. Vilevile, chujio zuri ndani ya mashine yenye viungo vinavyovuja halina kazi, hivyo tafuta maelezo yanayosema kwamba mfumo mzima umezibwa.

Mpangilio wa chaguo

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya mpini isiyo na waya, yenye rola ya mota na sehemu ya juu inayochomoka ikatumika kama mashine ya mkononi. Ndiyo inayotundikwa ukutani, ikachukuliwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukimzuia mbwa, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Hata hivyo, nafasi hiyo ina masharti. Muda wa betri unaotangazwa, mara nyingi dakika 40 hadi 60, ni wa kasi ya chini kabisa, na mara nyingine bila rola kuzunguka. Kwenye kasi ya juu kabisa mashine nyingi hudumu dakika 10 hivi, au hata chini ya hapo. Nyumba ndogo inahitaji dakika 15 hadi 20 za kasi ya kati, kwa hiyo uliza muda huo. Betri iwe ya kuchomoka, kwa sababu betri za lithiamu hupungua uwezo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na ile iliyofungiwa ndani humaanisha mashine nzima kutupwa wakati mota bado ni nzima. Kikasha cha vumbi kwa kawaida hakifiki hata lita moja. Manyoya ni mepesi lakini yanachukua nafasi, basi tegemea kukimwaga kila unapomaliza. Angalia mlango wake uwe mpana, kwa kuwa donge la manyoya hujishika kwenye wavu wa ndani, likabidi kuvutwa kwa vidole, na hapo vumbi hupanda usoni.

Nafasi ya pili ni kifyonza vumbi kidogo cha magurudumu chenye waya na mfuko, kile kinachoburutwa nyuma kwa bomba lake la mpira. Kwa ujumla kina uzito wa kilo 4 hadi 6, lakini mzigo huo uko sakafuni na mkono hubeba bomba tu. Mfuko hufungwa na kutupwa ukiwa na vumbi lake ndani, mvuto haukatizwi na betri, na mara nyingi sauti yake ni ya chini. Katika nyumba yenye mtu wa mzio au pumu nakipandisha nafasi ya kwanza bila kusita. Udhaifu wake ni kwamba kukitoa ni shughuli, na vingi huuzwa na brashi ya kuzungushwa na hewa.

Ya tatu ni mashine ya mpini yenye waya. Inapuuzwa isivyostahili. Katika nyumba ndogo waya wa mita 6 au 7 hufika karibu kila kona kutoka soketi moja au mbili, hakuna betri ya kuzeeka, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Nyingi hupiga kelele sana na rola zake ni za kawaida, ndiyo maana haikupanda zaidi.

Ya nne ni mashine ya mkononi peke yake. Inafaa kwa kochi, gari na mchanga uliomwagika. Haiwezi kuwa mashine pekee ya nyumba.

Roboti naiweka mwisho, ingawa kwa mwenye sakafu ngumu tupu isiyo na vizingiti ni msaidizi mzuri wa kila siku. Haipandi kochi, pembe huziacha, na kinyesi cha mtoto wa mbwa asiyefunzwa hukisambaza nyumba nzima. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2021 kampuni ya iRobot ilitoa Roomba j7+ yenye kamera ya kukitambua na kukikwepa kinyesi kigumu, ikaahidi kubadilisha mashine itakayoshindwa. Roboti isiyo na uwezo huo isiachwe ifanye kazi peke yake.

Mashine kubwa za kusimama, zenye kilo 6 hadi 8, nimeziacha nje kwa makusudi.

Yanayobaki kabla ya kulipa

Binadamu husikia sauti hadi takriban kilohezi 20 (kipimo cha wembamba wa mlio), mbwa hadi karibu 45, na paka hupita 60. Kwa hiyo mlio mwembamba wa mota ndogo yenye kasi kubwa unaweza kumkera mnyama hata kama desibeli zilizoandikwa ni za wastani. Mashine yenye kasi ya chini ya kuanzia humpa nafasi ya kuizoea.

Kama kuna viroboto, kufyonza kila siku kunasaidia sana, kwa kuwa mayai yao huanguka kwenye zulia, na mtikisiko wa mashine huwaamsha wale waliojificha kwenye vifuko wanamokulia, wakatoka na kufyonzwa. Mfuko au uchafu wa kikasha utolewe nje ya nyumba mara moja. Mchanga wa choo cha paka unaogandamana ufyonzwe ukiwa mkavu tu. Ukiwa na unyevu hugeuka udongo ndani ya bomba. Vumbi lake huziba chujio upesi, na chujio linalooshwa huhitaji takriban saa 24 kukauka kabisa kabla ya kurudishwa, hivyo nunua la pili siku ileile.

Uliza pia kama betri, rola na chujio huuzwa peke yake, kisha omba kuifungua mashine mbele ya muuzaji: toa rola, mwaga kikasha, chomoa chujio, uvirudishe. Akikataa, au akihitaji bisibisi kuitoa rola, sogea kwenye mashine inayofuata.